Nimependekezwa kuwa Amidi, lakini naihofia maabara yangu

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 51, Profesa Mshiriki wa kemia isokaboni katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Nakuomba usilitaje jina langu wala la chuo, kwa sababu idara za kemia nchini ni chache na wanawake tuliomo katika fani hii tunajuana. Mume wangu ndiye aliyenishauri nikuandikie, baada ya kuona kwamba mazungumzo yetu juu ya jambo hili yanaishia pale pale kila jioni.

Nilianza kazi nikiwa mkufunzi msaidizi mara tu baada ya shahada ya kwanza. Nikasoma uzamili hapa nyumbani, nikaenda Afrika Kusini kwa uzamivu, nikarudi na kupanda ngazi moja baada ya nyingine hadi hapa nilipo. Utafiti wangu unahusu kuondoa floraidi katika maji ya kunywa. Nimezaliwa upande wa Arusha, ambako maji mengi yanayopita katika miamba ya volkano yana floraidi kuzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na nimekua nikiona watoto wenye meno ya kahawia na watu wazima waliopinda mifupa. Njia inayojulikana sana kwetu ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, ambao madini yake ya kalsiamu na fosfeti huachia haidroksaidi na kuishika floraidi mahali pake. Njia hiyo ni nafuu, lakini mkaa huchoka baada ya muda, na zipo familia ambazo kwa sababu za dini haziko tayari kunywa maji yaliyopita katika mifupa ya mnyama zisiyemjua. Kwa hiyo nimekuwa nikitengeneza viunzi, yaani fuwele zenye vitundu vingi vidogo sana, vya zirkoniamu, metali ambayo ayoni yake hushikamana na floraidi kwa nguvu kubwa. Nina wanafunzi wawili wa uzamivu katika kazi hii, na mmoja wao amebakiza mwaka mmoja.

Mwezi uliopita Makamu Mkuu wa Chuo aliniita ofisini kwake akanieleza kwamba kamati ya kutafuta viongozi imelipendekeza jina langu kwa nafasi ya Amidi wa Skuli, yaani mkuu wa kitivo chetu cha sayansi, kwa kipindi cha miaka mitatu kinachoweza kuongezwa mara moja. Alizungumza nami kwa heshima kubwa, akasema nitakuwa mwanamke wa kwanza kuishika nafasi hiyo, na akanipa muda hadi mwisho wa muhula nitoe jibu.

Hofu yangu ya kwanza ina sura ya mtu. Katika idara yetu alikuwapo profesa aliyenifundisha mimi, mtu ambaye makala zake wakati ule zilisomwa hadi Ulaya. Akawa Mkuu wa Idara, kisha Amidi, kisha akaingia katika utawala wa juu, na alipomaliza uongozi na kurudi idarani alikuta chumba chake cha maabara kimegeuzwa stoo ya viti vibovu, kemikali zake zimepitwa na muda, na hakuna mwanafunzi hata mmoja anayemjua kama mtafiti. Alifundisha kwa mihula michache, akastaafu bila hata hafla ya kuagwa. Hofu ya pili ni kwamba nimebakiza makala chache tu nifikishe alama zinazohitajika kwa uprofesa kamili, na ninajua siku za Amidi zinavyokwenda: vikao vya seneti, mapitio ya mitaala, ithibati, matokeo ya mitihani yenye utata, kesi za nidhamu, na barua zisizokwisha.

Hata hivyo, siwezi kukataa nikabaki na amani, na sababu yake naomba niieleze kwa kirefu kidogo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili tulitengeneza kwa mikono yetu chumvi mbili za kobalti na amonia, moja ya rangi ya chungwa na nyingine ya zambarau. Zote mbili zina kloraidi tatu kwa kila kobalti moja. Lakini ukizidondoshea naitreti ya fedha, ambayo huigeuza kloraidi iliyo huru kuwa mashapo meupe, ya kwanza huziachia kloraidi zote tatu na ya pili huachia mbili tu, kwa kuwa ya tatu imeshikwa na kobalti yenyewe. Kwa kuzitafakari tofauti za namna hiyo mkemia Alfred Werner alitoa mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 26, nadharia ya jinsi metali inavyoshikana na molekuli na ayoni zinazoizunguka, ambayo fani yetu imesimama juu yake hadi leo, na ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Sisi tuliiona tofauti hiyo kwa macho yetu katika neli za majaribio, na mimi ninaamini kwamba siku ile ndiyo iliyonifanya niwe nilivyo. Wanafunzi wangu wa leo ninawachorea ubaoni. Naitreti ya fedha ni ghali, maombi ya kemikali hukwama katika manunuzi, darasa lililokuwa na wanafunzi arobaini sasa lina mamia, makabati ya kufyonza hewa chafu yameharibika isipokuwa moja, na nafasi za mafundi sanifu wa maabara waliostaafu hazijajazwa. Wahitimu wetu wanakwenda kufundisha sekondari kemia ambayo hawajawahi kuishika mkononi. Bajeti ya mazoezi ya vitendo hupangwa katika ofisi ya Amidi. Mwenzangu anayetajwa baada yangu ni mtu mwema na mchapakazi, lakini alishasema kikaoni kwamba mazoezi hayo yanaweza kupunguzwa na nafasi yake kuchukuliwa na video. Nikikataa cheo hiki, nitawatazamaje wanafunzi wangu?

Yapo pia ya nyumbani. Mama yangu anahitaji matibabu ya kila mwezi, mtoto wetu wa mwisho anaingia chuo mwaka huu, na posho ya madaraka ingetusaidia sana. Mume wangu anasema ataniunga mkono kwa uamuzi wowote, ila ndugu zangu wameshaanza kunipongeza kana kwamba nimekwisha kukubali.

Yupo mhadhiri kijana niliyemfundisha mwenyewe, aliyerudi hivi karibuni kutoka masomoni Uchina, ambaye ameniambia kwa adabu kwamba yuko tayari kuiangalia maabara nikiwa ofisini. Sijampa jibu.

Mama, nifanye nini?

Wako,
Mkemia Mwenye Mashaka

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimeisoma kwa mapenzi, kwa sababu kabla ya kuingia katika kazi ya unasihi nilifundisha kemia sekondari kwa miaka mingi. Ile chumvi ya zambarau naijua. Najua pia darasa linavyonyamaza mashapo meupe yanapotokea ndani ya neli, na kwa hiyo sikuona ajabu hata kidogo kwamba barua inayohusu cheo imetumia nafasi kubwa kuzungumzia jaribio la mwaka wa pili.

Nianze kwa kukurudishia ulichoniambia, ili unisahihishe kama sikukuelewa. Umeombwa uiongoze Skuli. Ukikubali, unaogopa kuipoteza kazi ya utafiti uliyoijenga tangu ujana, pamoja na uprofesa kamili ulioukaribia. Ukikataa, unaogopa kwamba mazoezi ya vitendo yatakufa na wewe utakuwa umeyatazama yakifa. Nyuma ya hayo mawili kuna mama mgonjwa, ada ya chuo, ndugu wenye furaha ya mapema, na kijana mmoja anayesubiri jibu. Cheo chenyewe, kama nimesoma vizuri, hukitamani wala hukichukii. Unauliza mambo unayoyapenda yatakuwa salama zaidi ukiwa umekaa wapi.

Sitakuambia ukubali au ukatae, kwa kuwa atakayeamka asubuhi na kwenda katika ofisi hiyo, au katika maabara hiyo, ni wewe. Ila yapo mambo katika barua yako ambayo umeyachukua kuwa yamekwisha kuthibitika, nami ningependa tuyapime tena, kama unavyowataka wanafunzi wako wafanye.

La kwanza ni habari ya mwalimu wako. Umeona chumba chake kikiwa stoo ya viti, ukahitimisha kwamba uongozi ndio uliomfikisha pale. Inawezekana. Lakini yeye alishika vyeo vitatu kwa kufuatana, na hukuniambia kama aliacha mtu mwenye funguo za maabara, kama alikuwa na wanafunzi wa uzamivu alipoondoka, wala kama alijaribu kurudi mara moja kwa wiki akazuiwa au hakujaribu kabisa. Wapo pia watu ambao waliingia katika utawala kwa sababu utafiti ulikuwa umekwisha kuwachosha, na hawakumwambia mtu. Kama mzee huyo yu hai na mnaongea, nenda ukamsalimie. Muulize ni mwaka gani alihisi kwamba maabara imemponyoka, na ni kitu gani kilitangulia kuondoka: fedha, wanafunzi, au hamu. Jibu lake litakufaa kuliko kumbukumbu yako ya mlango wa stoo, na huenda yeye pia amekuwa akisubiri mtu wa kumwuliza.

La pili ni picha yako ya mtafiti. Unaandika kana kwamba utafiti unaishi mahali mikono yako ilipo. Huyo Werner uliyemtaja aliitoa nadharia yake mwaka 1893, lakini ushahidi mkubwa wa kuiunga mkono ulipatikana mwaka 1911, pale misombo ya kobalti ya mkono wa kulia na wa kushoto, yaani yenye maumbo yanayotofautiana kama mkono na taswira yake kwenye kioo, ilipotenganishwa katika maabara yake ya Zürich. Aliyeitenganisha alikuwa mwanafunzi wake kutoka Marekani, Victor King. Katika ngazi yako, kazi kubwa ya profesa ni kuuliza swali zuri, kuyasoma matokeo kwa jicho kali, kubishana na mwanafunzi hadi hoja isimame, na kumlinda na mambo yanayomnyang'anya muda. Je, mwaka huu ni mara nyingi wewe mwenyewe umepima chumvi ya zirkoniamu kwenye mizani? Pengine ndiyo, na kama ndiyo, hasara utakayoipata ni kubwa na ya kweli. Pengine siku hizi unayafanya hayo kupitia kwa wanafunzi wako wawili, na hapo swali linabadilika: unahitaji saa ngapi kwa wiki za kukaa nao, saa zisizoguswa na mtu? Nasema saa za kukaa, kwa sababu mwanafunzi aliyebakiza mwaka mmoja hawezi kuongozwa kwa ujumbe wa simu kati ya kikao na kikao. Tasnifu yake ikichelewa, gharama ataibeba yeye.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Umesema mazoezi ya vitendo yatapona ukiwa Amidi kwa sababu bajeti hupangwa katika ofisi hiyo. Hapo ninakuomba uchunguze kabla ya kuamini. Kupanga bajeti si sawa na kupata fedha, na kupata fedha si sawa na kupata kemikali mezani, maana manunuzi yana kitengo chake na taratibu zake za kisheria. Mwendee Amidi aliyepo, umwombe akuonyeshe hesabu za miaka michache iliyopita: ni kiasi gani kiliombwa kwa ajili ya maabara, ni kiasi gani kiliidhinishwa, na ni kiasi gani kilitoka kweli. Ukikuta kwamba Skuli yenyewe ndiyo iliyoomba kidogo, basi Amidi mwenye moyo kama wako anaweza kuleta tofauti kubwa. Ukikuta kwamba ziliombwa za kutosha na hazikutoka, utakuwa umejua kwamba kiti hicho hakina uwezo unaoudhania, na utapima upya.

Na kwa kuwa nimefundisha kemia mahali ambapo mara nyingi hapakuwa na kitu, niruhusu niseme jambo la kimaabara. Jaribio lako la kobalti halihitaji neli zilizojaa. Yapo mazoezi ya kiwango kidogo, ambayo UNESCO imeyaeneza katika nchi nyingi kwa miaka mingi, yanayofanywa kwa matone machache juu ya bamba la plastiki lenye vishimo. Matone mawili ya naitreti ya fedha huonyesha mashapo yale yale, ingawa ukitaka kuzihesabu kloraidi itabidi bado upime uzito wa mashapo kwa kikundi kimoja mbele ya darasa. Kloraidi ya fedha inayobaki hukusanywa, fedha yake ikarudishwa na kutumika tena. Hayo unaweza kuyaanza ukiwa profesa mshiriki, bila kibali cha seneti. Yanaweza yasitoshe kwa mamia ya wanafunzi, na kabati bovu la kufyonza hewa litabaki bovu, hasa wakati wa kutengeneza chumvi zenyewe kwa amonia. Nataka tu uone kwamba kati ya kuwa Amidi na kuchora ubaoni kuna nafasi ambayo barua yako haikuitazama.

Nikae kidogo katika jambo hilo la kufundisha, kwa sababu umelitenganisha na utafiti kama vitu vinavyogombania siku yako. Mwaka 1974 Richard Robson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Melbourne, aliombwa atengeneze mifano ya mbao ya molekuli kwa ajili ya wanafunzi. Ilimpasa aonyeshe matundu yatobolewe wapi katika kila tufe la mbao, ili vijiti vipite kwa pembe ambazo atomu huungana. Alipoanza kuiunganisha mifano hiyo aliona kwamba matundu yenyewe yanabeba maelekezo ya umbo zima, akajiuliza ingekuwaje kama molekuli na ayoni za metali zingetumiwa hivyo hivyo. Wazo hilo alikaa nalo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1989 alichapisha kiunzi chake cha ayoni za shaba na molekuli yenye mikono minne, na mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 88, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Susumu Kitagawa wa Kyoto na Omar Yaghi wa Berkeley. Wewe unayetengeneza viunzi vya zirkoniamu uko katika ukoo huo huo wa kazi. Lakini usiichukue habari hii kama ahadi. Robson alikuwa na karakana ya chuo iliyomtobolea matufe, na miaka ile yote aliweza kulitunza wazo lake bila kulazimika kulitoa likiwa bichi. Ninaileta kwa sababu moja tu: yale mapenzi yako kwa jaribio la mwaka wa pili si upotevu wa muda wa utafiti, na usiyaandike upande wa hasara unapofanya hesabu zako.

Mwingine ambaye bila shaka unamjua ni Profesa Tebello Nyokong, mzaliwa wa Lesotho, aliyejenga katika Chuo Kikuu cha Rhodes kundi kubwa la utafiti wa fthalosianini, zile rangi zenye metali katikati zinazotumika katika kutibu saratani kwa msaada wa mwanga, na akapewa tuzo ya L'Oréal na UNESCO mwaka 2009. Aliongoza pia kituo cha utafiti wa nanoteknolojia hapo hapo chuoni kwake. Ukitazama utaona kwamba uongozi wake ulikuwa wa aina iliyolisha maabara yake, kwa sababu vyote viwili vilielekea upande mmoja. Uamidi hauko hivyo. Utasimamia biolojia, fizikia na hisabati, pamoja na migogoro yao, na mambo mengi utakayoyatatua hayatakuwa na zirkoniamu ndani yake. Jiulize kwa utulivu kama unayo hamu na shida za watu wasio wa fani yako. Wapo wanasayansi wanaoipata hamu hiyo wakiwa kazini na wakaipenda kuliko walivyotarajia. Wapo wanaosinyaa.

Sasa tuzitazame njia zilizo mbele yako. Ya kwanza ni kukubali kwa masharti, na masharti yenyewe yawe ndani ya barua ya uteuzi: siku moja au mbili za wiki zisizo na vikao, kupunguziwa mzigo wa kozi, msaidizi wa utafiti, na likizo ya kitaaluma mwishoni mwa kipindi ili uirudie kazi yako kwa nguvu. Hatari yake ni kwamba masharti hulindwa na watu, na watu huhama. Makamu Mkuu wa Chuo aliyekuahidi anaweza kumaliza muda wake kabla yako. Hata wakibaki wote, siku ya maabara huliwa taratibu, leo kwa dharura ya kweli, kesho kwa mgeni wa wizara, hadi usiikumbuke. Ukiichukua njia hii, utahitaji mtu wa karibu, awe mumeo au mwenzako idarani, atakayekuwa na ruhusa ya kukuambia waziwazi kwamba sasa imeliwa.

Njia ya pili ni kukataa kwa sasa, ukieleza sababu na muda: kwamba una mwanafunzi wa kumalizia na andiko la uprofesa la kukamilisha, na kwamba baada ya hapo uko tayari kufikiriwa tena. Unaweza kwenda mbele zaidi ukaomba uongoze kamati ya mazoezi ya vitendo ya Skuli, jambo ambalo Amidi yeyote mpya, hata yule wa video, huenda akalipokea kwa furaha kwa sababu litampunguzia kazi. Ongea naye pia yeye mwenyewe. Umemhukumu kwa sentensi moja aliyoisema kikaoni, na huenda aliisema kwa kukata tamaa na makabati yale yale mabovu. Hatari ya njia hii ni kwamba nafasi inaweza isirudi, kamati isiyo na fedha inaweza kuwa mahali pa kuchokea tu, na baadhi ya watu watasema mwanamke aliogopa. Hilo la mwisho linauma, nami silipuuzi. Lakini kuwa mwanamke wa kwanza ni heshima unayopewa, na sidhani kwamba ni deni ambalo wasichana wa kesho wanakudai. Wapo watakaotiwa moyo kwa kukuona katika kiti cha Amidi, na wapo watakaotiwa moyo kwa kukuona profesa kamili wa kemia isokaboni mwenye wanafunzi wa uzamivu waliomaliza. Sijui kwa nini tuwachagulie moja.

Ipo njia ya tatu, ya kukubali ukijua kwamba unafunga ukurasa wa utafiti kwa muda na kuufanya uongozi kuwa kazi yako kamili, bila kujidai unafanya vyote viwili. Hujaitaja, na huenda huitaki. Niliona ni haki niiweke mezani, kwa sababu wengine huumia zaidi kwa kuwa nusu hapa na nusu pale kuliko kwa kuacha.

Kuhusu fedha, kaeni wewe na mumeo mkiwa na kalamu na karatasi. Posho ya madaraka huja haraka na hukoma siku madaraka yanapokoma. Mshahara wa profesa kamili huchelewa, lakini ukishaupata unabaki nao. Matibabu ya mama hayasubiri watathmini wa nje wasome makala zako, kwa hiyo sisemi la pili ni bora. Nasema mjue mnahitaji kiasi gani, na kwa miaka mingapi, ili mzigo huo uwe na ukubwa wake halisi katika uamuzi. Ndugu wanaokupongeza wape shukrani, uwaambie bado unafikiri, na usiongeze neno.

Nimemwacha mwisho yule mhadhiri kijana, kwa sababu nadhani wewe pia ulimwacha mwisho makusudi. Uliandika juu yake sentensi mbili na kuzifunga kwa maneno mawili: "Sijampa jibu." Nimejiuliza unaogopa nini. Pengine ni kwamba atashindwa. Pengine ni kwamba atafaulu, na baada ya miaka mitatu maabara itakuwa yake, maswali yatakuwa yake, na wewe utakuwa mgeni mheshimiwa. Hisia zote mbili ni za kibinadamu na hazikupunguzii utu. Ila kumbuka kwamba siku moja, uwe Amidi au usiwe, mtu atazishika funguo hizo, na yule mwalimu wako huenda hakuwa na wa kumwachia. Mkiamua kushirikiana, yaandikeni mambo yanayovunja urafiki wa wanasayansi: nani anasimamia mwanafunzi yupi, sampuli na takwimu ni za nani, majina yatapangwaje katika makala, na fedha za ruzuku zitasainiwa na nani. Mazungumzo hayo yatakufaa hata ukiukataa uamidi. Kama utagundua kwamba humwamini, nalo ni jambo la kulijua mapema.

Muda ulionao hadi mwisho wa muhula unatosha kwa mambo manne: kumtembelea mzee wako, kuziona hesabu za Skuli, kuzungumza na kijana huyo, na kukaa na wanafunzi wako wawili kabla hawajazisikia habari hizi kwenye korido. Ningeanza na yule aliyebakiza mwaka mmoja. Muulize anahitaji nini kutoka kwako ili amalize, mwache aseme bila kumkatiza, na uyaandike majibu yake kabla hujaandika barua yoyote kwa Makamu Mkuu wa Chuo.